Jeni za Upande Gani

Sikukaa. Kiti kilikuwepo, nami nilikizunguka hadi muuguzi akanipachika jina la Mama Pirika, akaniomba nisiwamalizie sakafu. Kitandani, binti yangu Kadogo alikuwa akimfunga mwanasesere bandeji na kumgombeza atulie, daktari hang'ati.

Tulikuwa tukisubiri majibu ya kipimo cha uboho wa Kadogo, ule ute wa ndani ya mifupa. Kwamba ni saratani ya damu tulishajua. Kipimo hiki kilikuwa cha kuangalia, ndani ya zile seli mbovu, jeni zipi zinachapa kazi na zipi zimelala. Hapo daktari angejua kama hatari ya ugonjwa kurudi ni ndogo, dawa za kawaida zitoshe, au ni kubwa, Kadogo apewe zile kali zinazomlaza mtu hoi.

Wifi yangu katika maelezo yote hayo alisikia neno moja tu: jeni.

"Leo tutajua gonjwa hili limetoka upande gani," alisema, mkoba mapajani. "Kwetu hakuna damu mbovu."

"Kwenu, wifi, hata mafua hubisha hodi kwanza."

Ulimi ulikuwa mkali kwa sababu nilikuwa nikiogopa. Mama yangu alizika watoto wawili wachanga, na hakuna aliyejua kilichowaua. Mume wangu sikuwahi kumwambia. Basi kila viatu viliposikika kwenye korido niliomba jambo lile lile: isiwe mimi.

Daktari aliingia. Wifi akamuwahi.

"Upande gani, daktari?"

"Wa nini?"

"Wa jeni. Kwa baba au kwa mama?"

"Hapana, mama. Hatukupima ukoo. Tumepima seli zilizougua tu, na zimeharibikia humo humo mwilini. Hakuna aliyemrithisha." Akanigeukia. "Ila hatari ni kubwa. Kesho tunaanza dawa kali."

Mkoba wa wifi ulianguka, funguo zikatawanyika, na hakuinama kuziokota. Alinishika mkono. Hatukuwa na la kugombania tena.

"Nywele zitanyonyoka?" Kadogo aliuliza.

"Zitaota nyingine, mwanangu," wifi alimjibu akitazama dirishani.

Mimi nilimfuata daktari mlangoni, nikamkamata koti.

"Rudia kupima," nikamwambia. "Andika ni mimi. Andika imetoka kwangu, kwa mama yangu, kwetu sote, mradi hatari iwe ndogo."