Nyumba Nyuma ya Matairi

Baada ya vyombo vya mchana kuoshwa, Bibi alikaa kwenye ukingo wa godoro lake stoo, akavaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto. Kando yake alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na simu yake. Walikuwa wakicheza mchezo wa kujenga. Ukigusa kioo, tofali linakaa. Ukibonyeza kwa muda, tofali linavunjika. Humo ndani jua lilikuwa mraba, na ng'ombe na mawingu vilevile.

"Hilo ni banda la kuku au nyumba?" wifi aliuliza.

"Subiri paa, we mwanamke."

Nyumba waliyokuwemo, Bibi aliifyatulia matofali mwenyewe, mimba ya mwanawe wa kwanza ikiwa tumboni. Mumewe alipofariki, mwana huyo, ambaye sasa ni fundi wa matairi, alipanga vyumba upya. Chumba cha mbele, alicholala Bibi, kiliwekwa makabati ya mkewe. Mama akapewa stoo, pamoja na matairi, kwa kuwa hakuwa na vitu vingi. Haikuwa na dirisha. "Mama, wewe si wa kulala tu?" alimwambia, tena kwa upole. Tangu hapo Bibi alikuwa akingoja jambo moja: mwanawe aseme, mama, rudi chumbani kwako.

Ukuta wake wa mchezoni ulipofika kifuani, Bibi alifanya kama anavyofanya kila aliyewahi kujenga: aliumwagia maji ili matofali yakomae.

"Wifi! Huku hatumwagilii!" mwenzake alimkemea.

Alikuwa amekwishachelewa. Maji yaliteremka mlimani, yakazoa kuku wawili, yakatokea kwenye ukuta wa stoo, nyuma ya matairi, yakalowesha godoro. Bibi akachukua tambara akafuta.

"Kumbe ni hapa hapa jirani," alisema.

"Ungeniuliza ningekwambia," wifi alijibu.

Wakasogeza matairi. Bibi akabonyeza simu, na vipande vitatu vya ukuta vikadondoka. Mwanga uliingia ukiwa na kona nne, ukakaa sakafuni. Ng'ombe mmoja alichungulia, akaondoka.

Mkamwana alikuja kuona. "Mama, nani kautoboa ukuta?"

"Mimi."

"Kuna upepo mzuri," alisema, akarudi na beseni la nguo, akaenda kuzianika ng'ambo.

Ikawa hivyo. Bibi alilipanua lile tundu likawa mlango, akamaliza nyumba yake kule: vyumba vipana, madirisha kila upande, kibaraza cha kukalia na wifi. Akahamisha godoro. Asubuhi aliamka na mwanga usoni, na magoti yakaacha kumuuma. Mchana yeye na wifi walitegeana vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina bustani, ina ng'ombe, na ninatembea nayo mfukoni."

"Simu. Tega kigumu, mimi si mtoto."

"Haya. Nimemzaa mmoja, akanipa pa kulala kwenye nyumba yangu."

"Hicho nakijua," wifi alisema, "ila jibu lake litakuja lenyewe."

Lilikuja jioni, na ovaroli lake la kazini. Fundi wa matairi alipita mlangoni, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatazama dari, akatazama bustani.

"Mama, umejenga," alisema.

Bibi alisimama wima. Alingoja.

"Kwa hiyo stoo sasa iko wazi?"

"Iko wazi, mwanangu."

Kabla giza halijaingia, mwanawe alikuwa ameijaza matairi mpaka darini, akaacha kinjia cha kupita kiubavu. Matairi yaliyobaki aliyavingirisha mpaka mlangoni kwa mama yake. Kila moja lilipovuka kizingiti liligeuka mraba, likasimama hapo hapo. Hakuuliza. Aliinama akasukuma, jasho likimtoka.

"Lisaidie hilo toto lako la mraba," wifi alinong'ona kibarazani, akifuta machozi ya kicheko.

"Mama, nishikie upande huo."

Bibi aliweka simu chini, akakunja mikono ya gauni, akashika.

"Polepole," alimwambia, "usije ukaumia mgongo."