Tofali Zibaki

...nguvu, eti udongo ni nguvu, na Mushiya anasonga bukari bila kugeuka, maana akigeuka mwiko huu wa moto utaishia usoni kwa Ngoy, jirani gani huyu, amechimba kobalti chini ya nyumba yake mpaka handaki limevuka ua, limepita chini ya ukuta, sasa liko chini ya kitanda cha Abigaëlle, binti ya Mushiya, na Ngoy amesimama mlangoni anatabasamu, "Mama Mushiya, usiogope, ile ufa ni ya mvua tu, mutaa yote ya Kasulo banachimbaka," ndiyo, ya mvua, Simone, mhandisi aliyekuja kukagua, naye alitaja mvua jana, alipopiga magoti chumbani akaingiza kidole chote ndani ya ufa, akasema udongo uliotobolewa hivi ukilowa hukatika bila kupiga hodi, tokeni, mama, tokeni leo... tokeni! Mushiya alimfukuza kwa ufagio, kwa sababu neno hilo analijua, alilisikia akiwa msichana, mwaka wa tisini na tatu, vijana walipoizunguka nyumba yao ya kampuni wakiimba Bakasai batoke, yaani watu wa asili ya Kasai kama wao watoke, na baba yake, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, akatoka na ovaroli yake ya kazi kama mwizi, wakalala kituoni mvuani wakingoja treni, mdogo wake Ntumba akiharisha, mama yao akimfunika kwa kikwembe, akaendelea kumfunika hata alipokwisha kuacha kupumua... na aliporudi mtu mzima akajenga vyumba hivi, tofali kwa tofali, akaapa, hakuna atakayenitoa tena, "Hata Beya anasema iko bien, iko muzuri," anasema Ngoy, na Beya ni mume wa Mushiya, yuko huko chini sasa hivi, ameshuka asubuhi na kundi la Ngoy, anapiga mtalimbo chini ya nyumba yake mwenyewe, mpumbavu, mpumbavu wake mpenzi, Mushiya anausikia kwenye nyayo, du, du, na vumbi linadondoka ukutani, linaingia sufuriani, anasonga vumbi pamoja na unga, "Mulitia miti ya kushikilia?" "Tutatia, mama. Semaine ya kuya." Semaine ya kuya! wiki ijayo, kama vile mvua imeahidi kungoja... wale vijana wa mwaka ule walikuwa na nyuso, uliweza kuwatemea mate, lakini shimo halimjui Mkasai wala Mlunda, halimwonei mtu, linashuka tu, na Simone alisema tokeni akitaka waishi, wale waliimba batoke wakitaka wafe, neno moja, nia mbili, na Mushiya kazipiga zote mbili kwa ufagio mmoja, miaka yote hii kukaa kwake kumekuwa kuwajibu wale vijana, bado wanamwendesha, wangempotezea hata mume... "Ngoy," anasema, hajageuka, mkono unasonga, "ita bwana yangu apande." "Mama, tuko katikati ya kazi..." "Bapande bote. Nikifika mi pale ku shimo, utaona," na Ngoy anacheka kidogo, hasogei, na chini du, du, basi Abigaëlle akitoka shule asikanyage humu, amngoje mama yake kwa Adolphine, rafiki wa mtaa wa pili, godoro litatolewa leo, mabati yatang'olewa kesho, tofali zibaki, zizame zikitaka, Beya kwanza, Beya kwanza.