Faili za Asubuhi

Kama Mahmud angemwita kando akamwambia, labda Hayat angevumilia. Lakini hakumwita kando. Alikuja Faza kwa boti kutoka Amu, yaani Lamu mjini, akaketi mbele ya makundi yote mawili ya waimbaji, wanawake wamejaa ukumbini mpaka kwenye daka la mlangoni, akakohoa kidogo kama khatibu, kisha akasema kwamba nyimbo za Bi Tima zimefutwa kwenye kompyuta ya mradi, na kwamba ufunguo wa chumba cha kompyuta hiyo anao Hayat peke yake. Hakusema "Hayat kazifuta." Alikuwa mjanja mno kusema hivyo. Aliwaachia wanawake wajijazie wenyewe, nao wakajijazia mpaka ikamwagika.

Na kwa nini wasijijazie? Mradi wenyewe, ambao Hayat ndiye mrekodi wake Faza, ulikuwa wa kukusanya nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huimba harusini huku wakigonga pembe. Faza ina makundi mawili. Moja ni la Bi Tima, jingine ni la Bi Esha, na Bi Esha ni shangazi yake Hayat, dada wa baba yake. Makundi hayo yamekuwa yakirushiana mafumbo tangu Hayat hajazaliwa. Hili likiimba, lile hujibu, na harusi isiyoacha mtu amenuna huonekana haikunoga. Sasa nyimbo za Bi Esha zote zilikuwapo kwenye kompyuta, nzima, hata kikohozi cha mpiga pembe kinasikika. Za Bi Tima hakukubaki hata moja.

Kilichofanya jambo hili liwe zito ni koo la Bi Tima. Baada ya kurekodiwa alipelekwa Mombasa, akapasuliwa, akarudi salama, alhamdulillahi, lakini akarudi na pumzi badala ya sauti. Sauti ile iliyokuwa ikivuka mitaa miwili sasa haikufika hata mlangoni. Kwa hivyo zile faili hazikuwa nyimbo tu. Ndiyo sauti ya Bi Tima iliyokuwa imebaki duniani, na watu wakiuliza nani kaiua, jibu lilikuwa Hayat.

Nakala nyingine haikuwepo, na hilo nalo lilikuwa sharti la wanawake wenyewe. Walikubali kurekodiwa kwa ahadi kwamba wimbo hautapita kwenye intaneti, hautasikilizwa na mwanamume, wala hautabaki kwenye kinasa sauti kinachozunguka mikononi mwa watu. Hayat alikuwa akihamisha wimbo kwenye kompyuta, kisha anakifuta kinasa mbele ya mtu wa kundi lenyewe. Kwa Bi Tima alikuja bintiye, Amal, akashuhudia kwa macho yake. Nyimbo zilikaa kwenye folda waliyoiita Mapokezi, zikisubiri Hayat azitie kwenye diski na kuzipeleka Amu kwa mkono wake, naye akishatia wimbo humo hakurudi kuutazama.

Siku Bi Tima aliporudi kutoka Mombasa, Hayat alimpelekea sahani ya mahamri. Sahani ilirudi na mahamri yake, yamepoa, yamefunikwa kwa kitambaa kile kile. Hakuna neno lililotumwa nayo. Hayat aliyatazama yale mahamri akalia kwa hasira, maana alikuwa ameonewa na hakujua aanzie wapi kujitetea.

Akaanzia kwenye mashine. Asianzie hapo kwa nini? Yeye na Mahmud walisoma kompyuta darasa moja, chuo kimoja, na mtihani wa mwisho ni yeye aliyemfundisha Mahmud usiku kucha kwenye simu. Leo Mahmud ni mkuu wa mitambo ya mradi, ana kiti cha kuzunguka huko Amu ambako huiona kwa intaneti orodha ya faili za Faza, naye Hayat anasemwa barabarani.

Kompyuta ya mradi haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Mahmud aliona mambo hayo ni ya kitoto, akaiachia dirisha jeusi tu ambamo unaandika amri na mashine inatii. Hayat akaiamrisha imwonyeshe kila alichowahi kuiandikia. Ikamtolea yote, miezi na miezi, makosa yake ya kuandika yakiwemo. Hakukuwa na amri hata moja ya kufuta. Akampigia Mahmud simu.

"Sawa," alisema Mahmud, "lakini hiyo historia pia mtu anaweza kuifuta."

"Kwa hivyo nimefuta nyimbo, kisha nikafuta kufuta kwangu?"

"Sijasema umefuta. Nasema inawezekana. Tulia, Hayat."

Hakuna kilichomkera kama kuambiwa atulie. Alikata simu, akazunguka chumba kizima akijisemea, akagonga goti kwenye meza, akailaani meza.

Asubuhi iliyofuata aliamua kurudia kila kitu kama alivyofanya siku za Bi Tima. Bi Tima aliimba asubuhi tu, mara baada ya swala, kabla nyumba haijaingia wanaume. Basi Hayat naye akaenda asubuhi ile ile. Akapandisha meni swichi ya umeme, kwa sababu Bwana Famau, mwenye nyumba, huishusha kila Maghrib akielekea msikitini. Hana ubaya, mtaa una makuti mengi, na mtu aliyewahi kuona makuti yakishika moto hauachii umeme nyumba tupu. Hayat akawasha kompyuta, akajirekodi mwenyewe akisema, "Mimi Hayat, sikufuta kitu," akaitia faili Mapokezi. Akangoja.

Intaneti ilipopatikana, nayo Faza haipatikani mpaka jua limepanda, akaandika ls -l, amri ya kuorodhesha faili na tarehe zake, aone yake. Ilikuwepo. Lakini tarehe iliyoandikwa mbele yake ilikuwa ya Januari, ya mwaka ambao Hayat alikuwa shule ya msingi anavaa soksi zilizotoboka. Akaandika date. Mashine ikamjibu kwa adabu tarehe ya leo, sahihi kabisa. Akarudia ls -l: Januari ile ile. Mashine moja, kauli mbili, na zote inazitoa bila haya.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, alitazama tena. Faili haikuwepo. Akafungua orodha ya amri zinazojiendesha ndani ya mashine, akakuta moja yenye jina la Mahmud.

Hapo alielewa, na alipoelewa alipiga kelele mpaka Bwana Famau akaja kuchungulia. Mahmud alikuwa ameandika amri inayojiendesha yenyewe kila adhuhuri: kila faili ya Mapokezi iliyopitisha miezi miwili ifutwe, mashine isijae. Hakumwambia mtu. Na ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoshikilia saa umeme ukizimwa. Hayat alifungua kifuniko akaikuta imeliwa na chumvi ya hewa, haina uhai. Kwa hivyo kila Bwana Famau aliposhusha swichi, mashine ilisahau mwaka. Asubuhi ikaamka ikidhani ni Januari ya zamani, ikaipiga kila faili mhuri wa Januari hiyo. Intaneti ilipokuja ikajirekebisha saa. Adhuhuri amri ya Mahmud ikazikuta nyimbo za Bi Tima zilizoingia asubuhi ile ile, ikaziona zimezeeka, ikazitupa. Za Bi Esha, ambaye haimbi mpaka amekula chakula cha mchana, ziliingia saa ikiwa imeshanyooka. Zikapona.

Alimweleza Mahmud yote kwenye simu. Mahmud akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi afadhali! Kumbe ni mashine. Si mimi, si wewe."

"Mashine haikuketi ukumbini ikasema ufunguo anao Hayat."

"Nitaibadilisha ile amri sasa hivi. Na nitawaandikia kwenye grupu, yaishe."

"Kwenye grupu?" Hayat alisimama. "Bi Tima yumo kwenye grupu lako? Ulikuya kwa boti kunitia aibu, basi kuya kwa boti kuniondolea!"

Alikuja. Hakuja kwa kupenda. Alikuja kwa sababu Hayat alimwambia asipokuja, atakwenda yeye Amu akayaseme mbele ya kiti chake cha kuzunguka. Wanawake wa makundi mawili walikusanyika kwa Bi Tima, ndani na barazani na njiani, na Mahmud akawekwa kwenye daka, mgongo ukutani.

"Kulitokea hitilafu ndogo ya kiufundi," alianza.

"Sema vyema," alisema Hayat.

Akajifuta jasho. Akasema kuwa kulikuwa na amri, kwamba amri aliiandika yeye, kwamba hakumwarifu Hayat, na kwamba Hayat hakufuta chochote. Aliyasema akitazama viatu vyake. Halafu akataka kuwachangamsha wanawake.

"Lakini si neno, Bi Tima. Mashine sasa ni nzima. Tutapanga siku uimbe tena."

Hakujua habari ya koo. Siku ile ya ukumbini Bi Tima hakuwepo, na Mahmud hakumuuliza mtu hali yake, kama alivyokuwa hakuuliza mambo mengine. Aliyeinuka alikuwa Bi Esha, adui wa miaka yote, amekunja buibui mkononi kama anayetaka kupigana.

"Aimbe tena kwa koo lipi?" alisema. "Nijibu, mwanangu. Nimeshindana na sauti ile umri wangu wote, sikuishinda. Weye umeizima kwa kidole, hata kuuliza hukuuliza! Sasa harusini nimjibu nani?"

Bi Esha akaketi.

Bi Tima alimwashiria Hayat. Hayat akapiga magoti, akatega sikio karibu na midomo yake, na pumzi ile yenye mikwaruzo ikamwambia: "Niliwaamini wao. Sikukuita nikakuuliza." Hayat alikuwa amengoja maneno hayo siku nyingi, na alipoyapata hayakumpoza, bado alikuwa na hasira na huyu mzee pia. Bi Tima akamshika mkono, akaongeza neno jingine.

Hayat akainuka, akalisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mtaa.

"Bi Tima asema utoke nde, Mahmud, usimame ndiani, uyaseme upya. Walioko kule hawakusikia."

Mahmud akatoka, akasimama juani katikati ya watu.

"Hayat hakufuta nyimbo," alisema. "Niliyefuta ni mimi."

"Hatusikii!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Akayasema tena kwa nguvu zaidi. Bi Tima alikuwa amekokota miguu mpaka mlangoni, ameegemea bega la Hayat, na akainua kidole: tena. Mahmud akayarudia, na mara hii Bi Tima aliyasema pamoja naye neno kwa neno, midomo ikicheza, bila sauti.