Tutaongea Ukija

Mzee Halfan hakuwa kiziwi. Hivyo ndivyo alivyotaka isemekane, na ole wako useme vingine. Alikuja Makambako kijana kutoka Kondoa enzi za kujenga reli, akauza mbao mpaka akazeeka nazo, na misumeno ya kupasulia magogo ikalila sikio lake la kushoto lote, la kulia ikaliachia makombo. Mkewe, Tausi, ndiye aliyemburuta mpaka Njombe kwa daktari wa masikio, Basil. Huko akavikwa kimashine cha kusikilizia, kidogo, rangi ya karanga, nyuma ya sikio la kulia. Alipotoka pale, kitu cha kwanza alichonunua sokoni kilikuwa skafu. Makambako na upepo wake ule, nani atamuuliza mtu habari za skafu?

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Tausi alimtania.

"Mimi siumwi," alijibu. "Naona baridi."

Na kweli mambo yalikwenda. Dukani kulikuwa na simu ya mezani, na kimashine kilikuwa na kitufe chake cha simu. Halfan alikisukuma kwa kidole chini ya skafu, akaweka mkono wa simu sikioni, akamsikia mteja wa Dar kama yuko nyuma ya mlango.

Kisha zikaja simu za mkononi. Ulikuwa wakati ule kila kitu kimeachiwa huru, kila mwenye kitu anauza, na minara ikapanda vilimani. Wafanyabiashara wakaanza kutembea na simu viunoni kama funguo za ghala. Mudy, jirani yake wa mbao, mtu asiye na breki mdomoni, akamcheka mbele ya wateja: "Mzee Halfan, mpaka leo unaongea kwa waya? Kwani wewe mbuzi, ufungwe kamba?" Lo! Maneno yale yalimkaa mzee kama mwiba. Wiki haikuisha, simu ya mezani iling'olewa kwa amri yake mwenyewe, na yeye akatokea barabarani na simu mpya mkononi.

Ilipoita mara ya kwanza, akaipeleka sikioni. Drrr-ti-ti-ti, drrr-ti-ti-ti! Kama nzi waliofungiwa ndani ya debe. Sauti ya mtu ilikuwamo humo, chini kabisa, haishikiki. Akisukuma kitufe, mngurumo unazidi. Akivua kimashine, hasikii lolote. Akapanda basi kwenda Njombe, moyoni ana jambo moja tu: mionzi. Mudy si alisema simu hizi zinapika ubongo?

"Mionzi yake haikuli ubongo, mzee," Basil alimwambia, amemwelekezea uso ili amsome midomo. "Nguvu yake ni ndogo. Shida ni kwamba simu ikiongea na mnara inatoa kelele, na kimashine chako hakina kinga. Kinazidaka, kinakukuzia, kikidhani ni sauti ya mtu. Nasikia nchi za nje wanatengeneza vinavyopatana na simu. Hapa kwetu bado. Mpe mama akusikilizie. Au waambie tu watu kwamba kwenye simu husikii."

Waambie watu! Ebo! Mwuza mbao atangaze kwamba hasikii, ili wapate kumteta mbele yake na kumpangia bei huku wakicheka? Halfan akatafuta njia yake. Simu ikiita, anaipokea, anawaacha nzi wangurume kitambo, kisha anasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi: "Sawa, sawa. Tutaongea ukija." Anakata. Na watu walikuja, jamani! Walipanda mabasi wakaja, na uso kwa uso Halfan hakukosa neno. Wakamsifu kwamba mzee yule hafanyi biashara ya hewani. Naye sifa zikamlevya, akasahau kwamba zimejengwa juu ya uongo.

Sasa, Halfan alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Dulla. Mzee alimposea binti wa ndugu yake huko Kondoa, na siku zikapangwa. Dulla akatorokea Dar, akaoa kwa siri mwanamke wa Pwani aitwaye Mwanaheri. Siku habari zilipofika, Halfan alisimama mbele ya watu akasema, "Sina radhi naye." Hayo yalitokea kabla ya Njombe na kimashine, kwa hiyo Dulla hakuwahi kujua kwamba masikio ya baba yake yamekwisha.

Hasira yenyewe iliisha zamani. Tausi alilijua hilo, maana alimkuta mara nyingi ameshika randa ya kulainishia mbao aliyoiacha Dulla, anaipangusa vumbi, anairudisha mahali pake. Alimsihi amtumie Dulla salamu. Mzee akakataa. Aliyekosa ndiye huja, na radhi haitumwi kwa mjumbe. Inatoka kinywani mwa mzazi, inaingia sikioni mwa mwana. Basi baba akangoja huku, na mwana akaogopa kule, na wote wawili walikuwa wanapendana. Ujinga gani huu!

Alhamisi moja Tausi alikuwa amekwenda msibani Mdandu. Simu ikaita dukani, namba ngeni. Aliyepiga aliongea kirefu kuliko mteja yeyote. Katikati ya nzi Halfan alitambua tu kwamba kuna mtu, na mtu huyo anasita, ananyamaza, anaanza tena. Akadhani ni mnunuzi, wale wa kubembeleza bei. Angeweza kusema sikusikii, mwanangu, ngoja nimpe simu mtu anisikilizie. Lakini Mudy alikuwa amesimama pale pale mlangoni, anamtazama.

"Sawa, sawa," alisema Halfan kwa sauti kavu. "Tutaongea ukija." Akakata.

Jumamosi alasiri gari dogo likaingia uani. Akashuka mwanamke wasiyemfahamu, macho yamevimba, na Tausi akapiga yowe kabla hajaambiwa kitu. Nyuma alikuwamo Dulla, amefunikwa kanga.

Mwanaheri alipiga magoti mbele ya mkwe wake, asijue kwa nini mzee anamkodolea macho midomoni.

"Alikuwa amelazwa, baba. Figo. Madaktari walituambia asisogezwe. Namba yako tuliipata kwa wateja wako wa Dar. Juzi akaomba simu ya muuguzi, akakupigia. Nilimshikia mimi, nilisikia kila neno. Alikuomba radhi, baba, alilia. Nawe ukamwambia mtaongea akija." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Akasema, baba hajanikataa, ameniita. Nipelekeni. Tukamzuia, hakusikia la mtu. Amekata roho tumefika Mafinga. Alikuwa anauliza kama bado ni mbali."

Ua ulikuwa umejaa watu, Mudy akiwa miongoni mwao. Halfan akaifungua skafu, akaiacha ianguke. Akakivua kimashine, akakionyesha kiganjani mbele ya wote.

"Sikusikia," alisema. "Wallahi sikusikia, mwanangu. Kwenye simu mimi huwa sisikii."

Mwanaheri alikitazama kile kidude cha rangi ya karanga, kisha akamtazama yeye. "Sasa si ungesema, baba?"

Hilo Halfan alilisoma midomoni mwake, neno kwa neno. Ule msemo wake wa mficha maradhi, Tausi hakuutamka siku ile wala siku nyingine.

Walipokwisha kumwosha na kumvika sanda, baba aliinama kwenye sikio la mwanawe. "Nimekuwia radhi, Dulla. Nilikuwia zamani." Akarudia, kwa sauti kubwa sana, maana bila kimashine hakujisikia mwenyewe, mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akainua uso, akawatazama watu midomoni, mmoja baada ya mwingine, aone kama yuko aliyejibu. Midomo yote ilikuwa imefungwa.