Fundi na Mistari Mitano

Fundi aligundua kwa sketi. Alikuwa ameshona upande mzima, kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, akainua kitambaa kukikagua, akakuta matundu ya sindano tu. Uzi ulikuwa umekatika tangu mwanzo. Mtu aliyekaa kwenye cherehani miaka ishirini na sita haangalii uzi, anausikia. Ukikatika tu, mlio wa mashine unabadilika na mguu unasimama wenyewe. Siku ile mguu haukusimama. Mwenye sketi alikuwa amekaa pale pale anasubiri, basi Fundi akacheka, akasema nyuzi za siku hizi hazina maana. Lakini aliposhona upya, aliukazia uzi macho.

Daktari wa masikio hakumficha kitu. Sikio la kushoto limeshakwenda. La kulia linafuata, labda mwaka, labda miezi. Kifaa cha kuvaa kingesaidia kidogo, tena kwa muda. Fundi akaitikia kila neno kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, akatoka, na hakumwambia mtu. Mumewe anashinda barabarani na lori, wiki mbili huko, siku mbili nyumbani, na hizo mbili ni za kulala. Ungemwambia saa ngapi?

Na wala hakuogopea cherehani. Uzi unaweza kuangaliwa kwa macho. Aliogopea kwaya. Miaka kumi na minane anaimba sauti ya pili, na hajawahi kusoma noti hata moja: anaimbiwa mara mbili, ya tatu anayo, haimtoki tena. Sasa hao wa kumwimbia wataimba, naye atabaki anaangalia midomo. Siku watakayojua watamwondoa, tena kwa upole, kwa pole nyingi na maneno matamu. Hilo ndilo lililomkosesha raha, akila analiwaza, akishona analiwaza.

Kana kwamba hayo hayatoshi, kiongozi mpya wa kwaya, mwanamume mrefu mwenye kisauti kidogo, alitangaza mazoezini kwamba kufundishana kwa mdomo basi. Kuanzia sasa ni karatasi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu atasimama peke yake aimbe mistari miwili asiyowahi kuiona, na asiyeweza atapumzika kwanza. Watu wakanung'unika. Fundi alimsikia nusu, nusu nyingine akaisoma midomoni mwake, akapata wazo lililomtisha na kumpa moyo kwa pamoja: karatasi haihitaji masikio.

Zilibaki wiki nne. Akapiga moyo konde, akaenda kwa wifi yake.

Wifi, mdogo wa mumewe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya. Kwenye kinanda hakuwa na mpinzani. Kwenye siri sasa, mdomo wake haukuwa na breki: unamwambia jambo saa nne asubuhi, saa sita muuza mkaa anakupa pole. Kwa hiyo Fundi alisema tu kwamba anataka kujifunza noti asije akaaibika mbele ya wasichana.

"Leo ndiyo umekumbuka," Wifi akasema. "Nilijua kaka yangu kaoa kichwa kigumu, sikujua kwamba kinafunguka uzeeni. Haya, kaa."

"Wewe njoo ukae upande huu," Fundi akasema, akisogeza kiti kuliani kwake. "Huko jua litakuchoma."

Nje kulikuwa na mawingu matupu. Wifi alimtazama kidogo, akakaa.

Basi ikawa kila Jumanne na Alhamisi, alasiri, Wifi akitoka shule. Alichora mistari mitano kwenye daftari la hesabu. Noti hukaa juu ya mstari au katikati ya mstari na mwenzake. Ikipanda, sauti inapanda, ikishuka, inashuka. Noti nyeupe isiyo na mguu ni mapigo manne. Nyeupe yenye mguu, mawili. Nyeusi, moja. Vijistari vya kusimama vinaigawa ile mitano kuwa vyumba, na kila chumba lazima kitimize mapigo yake, yasizidi yasipungue. Hilo Fundi alilielewa upesi, maana ndiyo kazi yake. Kitambaa kikipungua kimepungua, hata ukivute vipi. Kilichomsumbua ni alama za kimya.

"Hapa unanyamaza mapigo mawili," Wifi alimwambia. "Lakini unahesabu. Kunyamaza nako kumo ndani ya wimbo."

Fundi alikitazama kile kialama cheusi kilichokaa juu ya mstari wa kati. Ni kama kilikuwa kimeandikwa kwa ajili yake. Akahesabu.

Dukani alifanyia mazoezi kwenye cherehani, mguu ukipiga mapigo, wateja wakidhani ameanza kuzungumza peke yake. Alikuwa amekariri kwamba do hukaa kwenye kamstari kafupi chini ya ile mitano. Akaimba kurasa nyingi hivyo. Alhamisi ya wiki ya tatu, Wifi akamwekea karatasi nyingine, yenye alama moja ya kupandisha pale mwanzoni, naye akaiimba kwa kujiamini kabisa mpaka Wifi akaacha kinanda na kujishika kiuno.

"Umeiimba kama mtu aliyevaa gauni nyuma mbele. Do imehama."

"Imehamia wapi?"

"Mpangaji huyo, hana nyumba ya kudumu. Tafuta ile alama ya kupandisha, hapo ndipo anapokaa ti. Panda hatua moja, umempata do. Na pacha wake huyu hapa, mstari wa pili kutoka chini." Halafu akamkazia macho. "Lakini wifi yangu, hukusikia kwamba haiendi?"

"Nimechoka tu leo."

Akaogopa kweli kweli. Mwenye masikio mazima angeshtuka kwenye noti ya pili tu. Yeye alikuwa amejiimbia makosa siku zote hizo, kwa furaha zake zote, na asingejua. Alirudi nyumbani, akazisoma upya karatasi zote, akiitafuta do kila mwanzo, akiweka kidole kwenye kila noti. Wiki ya mwisho noti zikaanza kumjia kichwani kabla hajafungua mdomo, zote kwa mpangilio, hadi akawa hajui lini anaimba na lini anasoma tu.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na watu wenye midomo mikavu. Wifi alikuwa kwenye kinanda pembeni, na Kiongozi alikaa nyuma kabisa, ndilo lililomtisha Fundi: midomo yake hataiona. Wasichana wawili walipita. Mzee mmoja wa besi akapotea kwenye chumba cha tatu, akarudi kitini akitikisa kichwa. Kisha Wifi akamwashiria Fundi kwa mkono.

Karatasi ilikuwa na alama moja ya kupandisha. Do mstari wa pili. Kinanda kikamtolea sauti, kwa mbali, lakini alikipata. Akaanza. Mstari wa kwanza wa wimbo ukaenda. Wa pili ukaenda, akanyamaza mapigo mawili pale palipoandikwa, akaingia tena na kinanda kikaingia naye. Hakuona wa kumsimamisha, akaendelea. Kwenye mstari wa tatu kinanda kilisikika vizuri zaidi, wazi, kila noti, kama zamani, na Fundi akadhani labda sikio limepata nafuu, labda daktari alikosea. Akaimba mpaka chini ya ukurasa. Akashusha pumzi.

"Asante wifi," akasema, akigeuka. "Pale mwisho umenipigia vizuri mno."

Mikono ya Wifi ilikuwa mapajani, na macho yake yamejaa machozi. Alinyanyuka, akaja kusimama mbele yake, akasema polepole, midomo ikionekana:

"Niliacha kupiga mwisho wa mstari wa pili. Kiongozi alisema basi. Amesema mara tatu."

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Fundi alikuwa amekisikia kile kinanda. Angeapa mbele ya yeyote kwamba alikisikia.

"Tangu lini?" Wifi akauliza.

"Kabla sijaja kwako."

Wifi, yule wa mdomo usio na breki, alimshika mkono tu. Kiongozi alitoka nyuma akaja mbele, akainama ili aonekane, na pole zikaanza, zile zile alizoziogopa. Umeimba bila kosa, mama. Lakini kwaya ni kusikilizana. Ukienda peke yako tutakufuata vipi? Fundi aliitikia kwa kichwa, akaomba jambo moja tu, karatasi ya wimbo wa siku hiyo yenye sauti zote nne, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani.

Wakasimama wote kujaribu wimbo wenyewe. Fundi aliona vifua vikijaa na midomo ikifunguka. Alifuata kwa kidole, kwanza sauti yake tu, halafu akalazimisha macho yashuke, sauti ya tatu, ya nne, ndiyo besi. Chumba cha tisa besi walitakiwa kunyamaza pigo moja na kuingia la pili. La pili likapita, midomo yao bado imefungwa. Akapiga benchi kwa kiganja. Kiganja kiliuma, lakini kishindo chenyewe kilimfikia kidogo mno, kama mtu anayegonga nyumba ya tatu.

Wote wakageuka.

"Besi mmechelewa," akasema. "Ni pigo la pili."

Kiongozi akamtazama Wifi, na Wifi akaitikia kwa kichwa. Mmoja wa besi akaangalia viatu vyake. Kiongozi akarudi mbele ya benchi, akasema taratibu, midomo ikionekana: "Basi kaa hapo hapo. Kila mazoezi. Ukiona kosa, gonga."

Alitaka kuimba, akapewa kugonga. Alitaka kulia pia, na hofu ilikuwa pale pale, nzito kuliko asubuhi, maana sasa alijua kwamba kile kinanda kizuri kilitoka kichwani mwake na hakuna aliyeweza kumwambia kitadumu hadi lini. Kiongozi akainua mkono. Fundi akarudisha kidole kwenye chumba cha tisa, akaanza kuhesabu.