Sumu ya Mama Elieth

Ugali wa mtama ulikuwa unapoa, na hakuna mgeni aliyenyoosha mkono. Wakwe waliotoka Susuni kuja kumposa Elieth waliutazama mchuzi wa kuku, kisha wakatazamana.

"Karibuni, jamani," alirudia Nashoni, baba wa Elieth.

"Tumeshiba," alisema Bibi Waisiko, shangazi wa kijana. "Tulikula njiani."

Nashoni alielewa. Miaka ishirini alikuwa ameongoza filamu na tamthilia nyingi kuliko alivyoweza kuzikumbuka, akipiga picha milimani na sokoni kwa kamera za kuazima, na karibu katika zote aliyeigiza mwovu alikuwa mkewe, Wegesa. Wanawake wengine waliogopa kuchukiwa na watazamaji, yeye alikubali. Sasa Elieth alisimama mlangoni, ameuma pindo la kitenge. Wageni wa posa wakigoma kula, wamemkataa binti.

"Bibi," Wegesa aliuliza taratibu, "ni ile filamu?"

"Nilikuona kwenye simu ya mjukuu. Ulionja kwanza, ukatia sumu, ukacheka, ukampa mzee wa watu. Akafa."

"Huyo yuko stendi, bibi. Ana bodaboda."

"Kaburi nililiona!"

Nashoni alitoka nje na simu yake. Haikupita muda, pikipiki ikaunguruma uani, akaingia Erasto, helmeti mkononi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Waisiko alisogeza kigoda nyuma. "Wewe si ulizikwa?"

"Mama huyu ameniua mara nne," Erasto alisema, akinawa bila kukaribishwa. "Dairekta akishasema 'kata', anakimbilia kamera yake. Mama Elieth ndiye ananifuta povu mdomoni, ananipakulia chakula. Kwangu sishibi hivi."

Akamega tonge, akachovya, akameza. Wote walilitazama koo lake.

Nashoni alimtazama mkewe. Hayo hakuwahi kuyaona. Kila mara alikuwa ameinamia skrini, akihesabu makosa ya mwanga.

"Na wewe, baba," Bibi Waisiko alimgeukia. "Siku zote hizo hukumwona anafaa kuwa mtu mwema?"

Nashoni aliweka simu chini, akamsogelea mkewe.

Bibi alikunja mikono ya gauni lake. "Lete maji, mkwe, tule."

Wegesa aliinua jagi, macho yake yakiwa kwa Elieth mlangoni. Maji yalimwagikia vidole vya kizee, yakapita pembeni ya beseni, yakalowesha mkeka, na hakuna aliyemwambia yanatosha.