Mtoto wa Akina Tuttle

Kila Jumanne jioni Chicago nzima ilicheka na kichekesho cha akina Tuttle redioni, na kilichochekesha zaidi ni kitoto chao kichanga kinacholia baba akitaka kulala. Kitoto hicho kilikuwa Ardith Lundgren, mama mzima mwenye kofia na mkoba. Aliinamia kamto ka kulalia mbele ya maikrofoni, akalia humo kama kichanga. Ndiyo kazi yake. Dunia ina vituko.

Jumanne moja, kabla ya kuingia hewani, mama yake alimpigia simu studio.

"Ardith, mwanangu, yamenishinda. Jonell ameijua sauti yako. Ukilia tu, anaipiga redio ngumi, anataka kukutoa."

"Si uizime, mama!"

"Wiki jana niliizima, akasema nimekuua. Nimpeleke wapi? Mtaa mzima wanawasikiliza nyie."

Ardith alimkimbilia mwongozaji. "Bwana Haskell, nakuomba, leo mtoto acheke. Binti yangu ana miaka mitatu, anadhani nateswa."

"Acheke ili iweje, mpenzi? Wenye sabuni wanaodhamini kipindi wanalipia kilio. Haya, kasimame."

Kipindi kikaanza. Zamu yake ilipofika, Ardith akajitoa mhanga: alicheka, kicheko cha mtoto aliyeshiba. Watazamaji waliojaa ukumbini wakatazamana. Orville, aliyeigiza baba, macho yakamtoka, lakini akasoma yaliyoandikwa: "Jamani, nani atamnyamazisha huyu?" Hakucheka mtu. Nyuma ya dirisha la kioo la studio, Haskell alijichora machozi mashavuni kwa vidole, uso umemwiva kwa hasira.

Afanyeje, maskini? Akaushika mto, akamfikiria Jonell, na kilio kikaja chenyewe, cha kweli. Ukumbi ukavunjika mbavu. Haskell akazungusha mkono kwa furaha: endelea, endelea! Kila alivyolia kwa uchungu ndivyo walivyocheka, na kila walivyocheka ndivyo alivyotakiwa kulia zaidi.

Alirudi nyumbani mbio, hata kofia hakuvua. Redio ilikuwa ikipiga muziki wa dansi, taratibu. Jonell amesimama mbele yake, amelifunika sanduku lile kwa blanketi lake mwenyewe, analipigapiga polepole.

"Jonell, mama nimekuja. Niko hapa, kipenzi."

Mtoto hakumkimbilia. Aligeuka nusu, akaweka kidole mdomoni.

"Shii," alinong'ona. "Mama amelia sana. Ndiyo kwanza amelala."